Kanzu Tano za Mapadri Wasiokuwepo

Ijumaa niliyokabidhi funguo za karakana, Divine na wenzake, mafundi wangu, waliniletea keki. Juu yake, kwa krimu ya zambarau, walikuwa wameandika: "Kwaheri Fundi Serikali Mpya." Wakacheka, nami nikacheka, nikaikata keki kwa mkasi wa kitambaa kwa sababu kisu hakikuonekana. Nimeshona Johannesburg kwa miaka ishirini na mitatu. Nimeshona magauni ya harusi, suti za mazishi, sare za kwaya, na mapazia ya ofisi za Sandton ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafunga. Na jina nililobaki nalo limetoka kwenye mzaha mmoja nilioutoa siku ya Jumanne, nikiwa na pini mdomoni.

Nyinyi mnaobaki na mashine zangu mnalitumia jina hilo bila kujua lilikotoka. Mliingia karakanani mkalikuta limeshakomaa, mkadhani ni la siasa. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana katika karakana yenye watu wanne cheo cha juu kabisa ni kukaa karibu na dirisha.

Nilifika hapa kutoka Kigoma nikijiona fundi kamili. Mzee Armando, Mmsumbiji aliyekuwa na karakana hii ya Troyeville kabla yangu, alinitazama mikono, akanipa wembe na koti kuukuu. Akaniambia nifumue kila mshono, nipange vipande mezani. Nilimaliza kabla ya saa sita mchana, nikasimama kifua mbele. Akasema, "Vizuri. Sasa lirudishe." Kulirudisha kulinichukua siku tisa, na nilipomaliza mkono wa kushoto ulikuwa kulia. Mzee alilivaa hivyo hivyo, akazunguka karakana nzima, akimsalimia kila mteja aliyeingia. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kufundisha.

Alikuwa na makatazo mengi, na mengi yalihusu mkasi wake. Lakini mawili nataka myashike. La kwanza, usimtaje mwenye nguo mpaka mwenyewe aje kuichukua. Anayeuliza "hii ya nani?" jibu lake ni "ya mwenyewe," basi. La pili, usimpimie mtu kwa mwili wa mtu mwingine. Alisema kwao kulikuwa na bwana harusi aliyekuwa safarini, wakampima kaka yake badala yake. Suti ikamkaa kaka vizuri mno, hata siku ya harusi bibi harusi akawa anageuza shingo kumtazama kaka. Sijui kama kisa hicho ni cha kweli. Ila kila alipokisimulia alikuwa akikunja utepe wa kupimia taratibu.

Mzee aliporudi kwao aliniachia cherehani yake nyeusi ya kukanyaga, pasi nzito, na kitabu cha vipimo. Kitabu hicho mnakijua, kile chenye jalada la kitambaa cha godoro. Juu ya kila ukurasa ni jina, chini yake shingo, mabega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Nilikiheshimu kitabu. Makatazo niliyaheshimu pia, mpaka mwaka 2016.

Mwaka huo aliingia Madam Wanjiru, Mkenya, mwalimu wa historia na maigizo katika shule moja ya wavulana upande wa Sandton. Alikuwa ameegesha gari vibaya, anazungumza huku akilichungulia dirishani.

"Fundi, nimeambiwa unaongea Kiswahili na unashona chochote," akasema. "Nataka kanzu tano nyeusi za mapadri wa zamani, na joho moja la mtu mwongo."

Nikamuuliza mwongo huvaa saizi gani. Akacheka, akaketi, akanieleza. Zamani sana, zaidi ya miaka mia tatu, kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyezua njama. Aliapa kwamba mapadri wa Kikatoliki wamekula kiapo kumuua mfalme. Hakukuwa na njama yoyote. Aliitunga yote kichwani, na majina akajaza. Watu wakamwamini kwa sababu walikuwa tayari wana hofu. Akapewa vyumba ikulu na walinzi wa kumfuata, na wasio na hatia wakanyongwa. Uongo ulipogundulika alifungwa kwenye mbao hadharani, akarushiwa mayai, akachapwa mitaani. Halafu alipokuja mfalme mwingine akatolewa gerezani, akapewa na posho ya uzeeni.

"Na sasa," akasema Madam Wanjiru, "vijana wangu wote wanataka kuwa yeye. Nimeuliza nani atakuwa padri, darasa zima kimya. Nimeuliza nani atakuwa mwongo, haki ya nani, mikono ilijaa kama wanataka chakula."

Aliniambia jina la mwongo huyo. Mimi silitaji hapa. Limetajwa vya kutosha, halihitaji msaada wa fundi wa Troyeville.

Nikubali jambo moja mapema. Joho la mwongo nililishona kwa wiki mbili. Nilitafuta hariri nyeusi yenye mng'ao, nikatia bitana ya rangi ya damu ya mzee ambayo hakuna mtu angeiona isipokuwa akigeuka haraka, nikapiga mikunjo ya mabega kwa mkono. Madam Wanjiru akaleta kofia pana na kidevu cha spanji, maana inasemekana jamaa alikuwa na kidevu kirefu cha ajabu. Kanzu za mapadri nilizishona kwa siku tatu, kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za walinzi. Hata mimi, kabla pazia halijafunguliwa, nilikuwa upande wa mwongo.

Shida ilikuwa kujaribisha. Shule ilifungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, wavulana wakatawanyika, Madam Wanjiru akaondoka kwenda Nakuru. Aliniachia urefu tu wa wale mapadri watano, akisema, "Kwingine kote wako tu kama wanaume wazima." Nami sikuwa na sanamu ya kuvalisha nguo ya kiume. Nilikuwa na kwaya.

Kwaya ya kanisa letu la Bertrams ilifanyia mazoezi ukumbi ulio juu ya karakana. Kanisa letu ni la uamsho. Mchungaji huvaa suti, waumini wengi ni Wakongo, na kanzu ya padri haijawahi kuvuka mlango wake. Kiongozi wa kwaya alikuwa Papa Ilunga (kwao "papa" ni baba), mtu wa Lubumbashi, mlinzi katika jengo moja la Sandton mchana, na Jumamosi mwenye sauti nzito iliyofanya bobini zangu za uzi zitikisike mezani. Alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nikimshonea tangu alipofika mjini, na wakati huo gauni la harusi la binti yake, Esther, lilikuwa limetundikwa karakanani, limepigwa uzi wa shikizo wa muda tu, likisubiri pindo. Harusi ilikuwa bado wiki nne.

Jumamosi hiyo nikawaita wanaume watano wa kwaya washuke. Wakavaa kanzu, nikawazunguka na chaki. Papa Ilunga alikaa mbele ya kioo muda mrefu, mikono ameikunja tumboni.

"Mama yangu alitaka nikuwe padri," akasema. "Kama angeniona hivi, angelia."

Mmoja wao akapiga picha ya wote watano kiooni, akaituma kwenye kundi la simu la kwaya. Nami nikafungua kitabu, nikaandika nguo kwanza, mwili pembeni: "Padri wa kwanza: Ilunga. Shingo kumi na sita na nusu." Nikaendelea hadi wa tano. Mzee Armando hakuwepo kunipokonya kalamu.

Jumanne ndipo akaja Katibu. Huyu alikuwa katibu wa kanisa, na jina lake pia sitalitaja, kwa sababu ile ile. Alileta suruali ipunguzwe urefu. Akaziona kanzu tano kwenye reli, zimepigwa pasi, zimefuatana.

"Fundi, hii yote iko ya nani?"

Jibu nililijua. Nilifundishwa na mtu aliyevaa koti lenye mkono wa kushoto upande wa kulia ili nisilisahau. Lakini mimi, vijana, nilikuwa na ugonjwa wa kujiona mcheshi.

"Ni za serikali mpya ya kanisa," nikasema, pini zikiwa mdomoni. "Mwambie Mchungaji aanze kufungasha."

Akacheka. Nikacheka, nikakaribia kumeza pini. Nikaenda nyuma kuangalia pasi, na kupitia pazia nikamwona amefungua kitabu cha vipimo, ameshika simu juu yake. Nilidhani ameupenda mwandiko wangu. Hilo ndilo wazo lililonijia, na sikuliona la kipumbavu hata kidogo.

Hapa mjue kitu kimoja kuhusu kanisa letu. Lilikuwa limeshagawanyika mara mbili. Kila mara ilianza hivyo hivyo, kikundi kinashona sare yake kimya kimya, na Jumapili moja unasikia wako mtaa wa Bezuidenhout Valley na mchungaji wao. Kwetu mtu akinunua tu vitambaa vya rangi moja, wazee wanaanza kuhesabu viti. Kwa hiyo Katibu hakuhitaji kujenga hofu. Aliikuta imejengwa, akaingia ndani.

Jumapili baada ya ibada Mchungaji akaomba watu wasitoke. Katibu akasimama, hana haraka, na karatasi mkononi. Akasema ana uzito moyoni. Akapitisha simu yenye picha ya wanaume watano wa kwaya katika kanzu nyeusi. Akapitisha picha ya ukurasa wa kitabu changu. Akasoma kwa sauti: "Padri wa kwanza, Ilunga." Ukumbi ukanyamaza. Mpaka leo nadhani hicho ndicho alichokipenda, ukumbi ukinyamaza kwa ajili yake. Sijawahi kuona faida nyingine aliyoipata.

Papa Ilunga akasimama, hajakasirika bado, anatabasamu kama mtu aliyesikia simu ya jirani ikilia.

"Bandugu, ile ni manguo ya teatre," akasema. "Batoto ba masomo beko na mchezo. Fundi alitupimisha tu."

"Mchezo wa nini?" Mchungaji akauliza.

Na Papa Ilunga, mtu asiyejua kupamba, akajibu kama nilivyomweleza mimi: "Mchezo wa bapadri benye bantu balisema banataka kuua mfalme."

Niliona mama mmoja akifunga mdomo kwa kitambaa. Ukweli wenyewe ulikuwa umevaa vibaya kuliko uongo.

Katibu akanigeukia. "Fundi Zebedayo yuko hapa. Yeye si mtu wa kwaya, hana upande. Fundi, ulisema ao haukusema kanzu ni za serikali mpya ya kanisa?"

Nikasimama. "Nilisema, lakini..."

"Asante, Fundi," akasema.

Nami nikakaa. Nimefikiria kukaa kule kwa miaka mitatu. Hakuna aliyenivuta shati. Hakuna aliyenitisha. Alinishukuru tu kwa adabu, na mimi, mtu wa Kigoma niliyelelewa kuitikia shukrani, nikaketi na "lakini" yangu mdomoni. Mama mmoja wa baraza akaniletea chai. Nikaimeza yote pamoja.

Papa Ilunga akasimamishwa kuongoza kwaya. Na Mchungaji akasema kuhusu harusi ya Esther wangengoja kwanza, mpaka Roho aonyeshe. Hakupaza sauti. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu, kadi zimeshagawiwa mpaka Pretoria, na wazazi wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Likasi kwa basi. Mtu mwenye njama hafungiwi ndoa ya mtoto wake, hivyo ndivyo watu walivyoelewa. Esther aliondoka kabla ya wengine, ameshika viatu mkononi.

Sasa niwaeleze aibu yangu kamili, maana kukaa kitini ilikuwa nusu tu. Wiki ile nikawa mtu maarufu. Nilitembea mtaani watu wakinisimamisha kwenye robot, taa za barabarani. Wateja wasio na nguo ya kushona waliingia karakanani, wakakaa, wakasema, "Eish, Fundi, hebu tuambie." Na nikawaambia. Mara ya kwanza nilieleza kwamba ulikuwa mzaha, na nikaona nyuso zao zikinyauka. Mara ya pili nikauacha mzaha ujitafsiri wenyewe. Mara ya tatu nikataja kwamba Ilunga alijitazama sana kwenye kioo. Mara ya nne nikataja na mama yake. Yote yalikuwa kweli, kila neno, na yote yalikuwa uongo. Jumapili iliyofuata nilikuta nimewekewa kiti cha mstari wa mbele. Nikakikalia.

Papa Ilunga alikuja karakanani Jumatatu, bado amevaa sare ya ulinzi.

"Fundi," akasema, "miye nimekuja kukamata robe ya mutoto."

"Papa, bado halijapigwa pindo. Nyuzi za shikizo bado zimo."

"Niko naona. Nipatie vile iko."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa na majibu tayari. Lakini alilikunja gauni juu ya mkono wake polepole, akihakikisha haligusi sakafu, akaniambia kwaheri, akatoka. Fundi akichukuliwa nguo ambayo haijakwisha, amehukumiwa. Nilikaa kwenye cherehani ya Mzee Armando nikakanyaga bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure.

Wiki hiyo hiyo Madam Wanjiru akarudi kutoka Nakuru na yule mvulana aliyechaguliwa kuwa mwongo. Nilipiga magoti kurekebisha pindo la joho, pini mdomoni, naye akawa anamweleza kijana juu ya mtu anayemwigiza.

"Usifikirie alifanya peke yake," akamwambia. "Angekuwa peke yake wangemwona mwendawazimu. Walikuja watu wa pembeni, mashahidi, kila mtu anaongeza kidogo. Wengine hata hawakuwa na ubaya. Walipenda tu kusikizwa. Hao ndio waliowanyonga wale watu, na leo hakuna mtu anajua majina yao, wala ya waliokufa. Tunajua yake tu."

Nilikuwa chini pale, na pini nne mdomoni, sina uwezo wa kusema. Nikaona viatu vya kijana. Nikaona bitana yangu nzuri nyekundu. Nikatema pini moja moja mkononi, nikamwambia Madam Wanjiru kila kitu, tangu Jumanne mpaka kiti cha mbele. Kijana alisikiliza mdomo wazi. Madam Wanjiru aliniacha nimalize.

"Fundi," akasema, "na mimi nilikuwa nadhani nimekuja kuchukua nguo."

Jumapili ya tatu akanisindikiza kanisani. Nilibeba kanzu tano mkononi na orodha ya wavulana yenye majina yao. Sikungoja nipewe nafasi. Mchungaji alipomaliza matangazo nikasimama kwenye kiti changu cha mbele, nikasema nina lakini niliyoisahau wiki mbili zilizopita.

Nikaeleza. Nilisema kanzu ni za wavulana wa orodha hii, na mwalimu wao ndiye huyu. Nilisema jina la Ilunga kitabuni liliandikwa kwa sababu nilitumia mwili wake kama sanamu, kwa uvivu, kinyume na nilivyofundishwa. Nilisema serikali mpya ulikuwa mzaha wangu. Hapo nikawatazama watu, nadhani nilitegemea mtu acheke. Hakuna aliyecheka.

"Mzaha," Mchungaji akasema.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na wiki hizi zote ulikuwa nao wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nauuza. Sikuwa na neno jingine. Nililia kidogo, nikapanguza uso kwa kanzu ya padri wa pili, ambayo nililazimika kuifua tena.

Mchungaji alikuwa mtu wa haki alipopewa nafasi. Alimwita Papa Ilunga mbele, akamshika mikono yote miwili, akaomba radhi mbele ya watu. Harusi ikarudi kwenye tarehe yake. Kuhusu Katibu, alisimama akasema yeye alisukumwa na upendo kwa kanisa, na kwamba uangalizi haujawahi kuharibu nyumba. Watu wakasema amina. Mimi mwenyewe, kwa mazoea, nilisema amina.

Harusi nilihudhuria. Nilikaa nyuma. Esther alipendeza, na gauni lilikuwa langu kuanzia shingo mpaka magoti. Pindo lilikuwa la mtu mwingine. Lilipigwa kwa mashine, mishono mirefu mirefu, upande mmoja umevuta. Hakuna mgeni aliyeliona. Mimi sikuona kingine chochote mchana ule.

Madam Wanjiru alilialika kanisa lote kutazama mchezo, na walikwenda wengi, mabasi madogo mawili. Wavulana walicheza vizuri. Mapadri watano walisimama, wakasema hawana hatia, wakatolewa nje mmoja mmoja. Mwongo akaingia na kidevu chake, akageuka, bitana nyekundu ikamulika, ukumbi mzima ukashangilia. Katibu alikuwa mstari wa tatu, alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Njiani kurudi kila mtu ndani ya basi alikuwa akiigiza kidevu na sauti ya puani. Watoto wa shule ya Jumapili walikiigiza kidevu mwezi mzima. Sikusikia mtu yeyote akimwigiza padri.

Ndivyo ilivyoendelea mpaka nilipostaafu. Shule iliigiza tena mwaka uliofuata, na uliofuata, na kila mara joho la mwongo liliporudi kwangu lilikuwa limepasuka kwapani kwa kazi nyingi. Nimelishona upya mara tatu. Wakati mmoja waliazima joho peke yake kwa ajili ya siku ya mavazi, kijana akaenda nalo dukani kununua soda. Mwaka huu Madam Wanjiru amenipigia simu kwamba wameliweka kwenye kabati la kioo mlangoni pa shule. Nikamuuliza kuhusu kanzu. Akasema, kwa huzuni nadhani, kwamba kabati ni dogo.

Katibu alihamia Cape Town, amefungua kanisa lake, na nasikia lina kwaya nzuri. Huku kwetu bado anasimuliwa. "Yule alikuwa na kipaji," watu husema, wanacheka. Mimi nikabaki Fundi Serikali Mpya. Na Papa Ilunga, aliyesafishwa mbele ya kanisa zima, mikono imeshikwa na Mchungaji? Mwaka jana katika msiba mmoja nilimsikia mama mgeni akinong'ona kwa mwenzake, "Njo ule papa wa njama." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anamtambulisha.

Alikuwa amenisamehe. Alinisalimu kila Jumapili, aliniuliza habari za Kigoma, aliniletea mihogo nilipougua. Lakini tangu aliponyanyua gauni lile hakunipa tena hata kifungo. Nguo zake alizipeleka Yeoville, kwa fundi anayevuta mshono. Nilikuwa naziona Jumapili, mabega yamekaa vibaya, nami sina ruhusa ya kusema. Nimekuwa na wateja wengi. Kwa miaka mitatu nilimngoja mmoja.

Alikuja Alhamisi, siku moja kabla ya keki. Divine alikuwa mlangoni, ndiye aliyemfungulia, ingawa hakujua anamfungulia nani. Papa Ilunga alikuwa na kitambaa cha suti ndani ya mfuko wa plastiki, cha kijivu, kizuri. Mtoto wa Esther anabatizwa mwezi ujao.

"Banasema kesho unaacha kazi," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Basi iko leo."

Nikageuka kutafuta kitabu. Nilitaka kumwonyesha kwamba sikumsahau, kwamba vipimo vyake viko, nimevitunza. Nikaufungua ukurasa ule, karatasi imeshaanza kuwa ya njano. Akaweka kiganja chake juu ya maandishi.

"Hapana bile, Fundi," akasema. "Bile ni bya padri. Unipime miye."

Nikafungua ukurasa mweupe. Nikaandika Ilunga juu, peke yake, halafu nikazungusha utepe shingoni mwake. Imepungua nusu inchi.

Divine, suti hiyo nimeikata mwenyewe, imetundikwa nyuma ya pazia. Pindo nitakuja kulipiga kwa mkono. Na mtu akiuliza ni ya nani, mnajua la kujibu.